Kovu la Obed Trask

Marblehead, Mei 1807

Obed mume wangu,

Hatujambo. Ng'ombe kazaa, na wale samaki chewa uliowaanika wamekauka vizuri. Jirani yetu anajigamba, "Waingereza na Wafaransa wachinjane, sisi Wamarekani hatumo!" Nikamuuliza, "Na manowari zao zinazokamata mabaharia wetu, nazo hazimo?"

Umeniomba nikutumie huko Boston karatasi yako ya uraia wa Marekani, ile inayotaja kovu lako la moto kwenye mkono wa kushoto, ili upande meli. Haimo tena sandukuni.

Kaka yangu Silas alitoroka manowari ya Waingereza, akaja kujificha hapa. Wakimpata watamnyonga. Mmelingana kimo, hata nywele. Nikampa.

Kovu hakuwa nalo. Akasema, "Dada, fanya upesi, nisije nikaghairi," akauma kitambaa. Nikatia chuma motoni.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini meli usipande. Ukikamatwa bila karatasi, watakufanya baharia wa mfalme wao, nami sitakuona tena.

Baki nchi kavu. Baharini Obed Trask tayari yupo, na kovu lake nimelichoma kwa mkono huu unaokuandikia.

Mkeo,
Tabitha