Si Minyoo, Kamau

Kamau, ukileta tena hapa chupa ya dawa ya minyoo, nitakunywesha wewe mwenyewe mbele ya bibi yako. Umesikia?

Leo ni Jumamosi, Agosti 1977, manyunyu tangu asubuhi. Niko kwa binti yangu Njeri, mtaa wa Section 58, huku mjini. Shule niliionea dirishani, kwa hivyo naandika polepole. Lakini nimefurahi.

Mzee wangu, babake Njeri, amejikuna mwaka mzima. Kule Molo kila mtu alisema ni pareto, maana ukichuma yale maua ngozi inawasha. Tukamtoa shambani, nikachuma mimi. Akaendelea kujikuna. Kupima damu, zikaonekana nyingi zile chembe ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo. Eosinofili, jina la kuvunja meno. Basi! Akapewa dawa, akapewa tena. Kamau, nduguye, akamkataza mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, eti ndiyo inaleta. Mzee akakonda, vivimbe vikatokea kwapani, na chembe hazikushuka.

Na minyoo yenyewe hakuna aliyeiona! Choo kilipimwa, hata yai moja hakuna.

Daktari wa hapa mjini ndiye aliuliza: kama hakuna minyoo, hizi chembe zinaitwa na nani? Akakata kivimbe kimoja, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Jana majibu yamefika. Ni saratani ya tezi, hizi zilizovimba kwapani. Kuna jamii ya chembe nyeupe inaitwa T. Hiyo ndiyo imeharibika, na daktari anadhani ndiyo inaita hizo zingine zijae kwa damu. Si kila mwenye eosinofili nyingi ana saratani, akatuambia, lakini zikikataa kushuka na sababu haijulikani, mtu atafute mpaka apate.

Nililia kidogo jikoni. Hilo limekwisha.

Adui sasa ana jina. Huenda dawa isimponye kabisa, lakini dawa iko, Nairobi.

Halafu leo saa ya chai huyu Kamau akaingia na chupa yake. "Shemeji, tumrudishe Molo, tumjaribu na hii moja tu."

Nikaona Mzee anayumba, karibu akubali. Nikampigia Kamau kelele mpaka majirani wakachungulia. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Kamau, kwa hii sauti ya Mama Njeri, minyoo ingekuwepo ingeshahamia Eldoret. Nitaenda Nairobi."

Amesema mwenyewe. Moyo wangu umetulia.

Jumatatu ni basi la kwanza. Njeri, chemsha viazi vya kula njiani. Kamau, wewe utabeba mizigo, na utanyamaza.