Poda ya Mama

Muheza, Jumapili

Dada Zuwena,

Shikamoo. Natumai u mzima huko Moa, wewe na watoto, na shemeji Sadalla kama hajamaliza samaki wa bahari yote peke yake. Huku tu wazima, ila mimi nimezidi uzuri. Muulize yeyote hapa stendi.

Naandika kwa kuwa kwenye simu ningekuchekesha, nisifike ninapokwenda; barua naituma na basi la kesho asubuhi.

Mwezi jana nilimpeleka Mama Tanga mjini kupigwa picha ya matiti. Hana uvimbe; nesi alisema tu umri umefika, na kwa kuwa Mama Mkubwa alikufa kwa maradhi hayo, asingoje mpaka mkono uguse kitu. Walimpa karatasi ya maelekezo, na msomi wa nyumba hii unamjua. Nilisoma mstari wa kwanza, wa kuoga, nikafunga mkutano. Ya chini niliona marefu.

Basi Mama, anayeona haya kuvua hata mtandio mbele ya mgeni, akaoga, akajipaka liwa ya kunukia, akajimwagia poda kifuani na kwapani kama anakwenda harusini. Picha ikatoka imejaa chenga nyeupe. Dada wa mashine akauliza nani alisoma karatasi, maana imekataza poda na manukato. Kwenye picha huonekana kama ugonjwa. Mama akanisonta kidole. Akanawishwa, akapigwa upya. Tangu siku hiyo majirani wananiita Profesa Poda, na Mama hucheka mpaka anakaa chini.

Sasa na wewe kaa chini.

Jumatatu iliyopita hospitali walinipigia mimi, namba waliyoandika ni yangu. Wakasema kwenye picha ya pili chenga za poda zimeondoka, ila zimebaki chache zilizokusanyika titi la kushoto. Si lazima iwe saratani, lakini arudi Alhamisi wachote nyama kwa sindano wakapime. Kama ni mbaya, bado ni changa, inatibika. Mama akaniuliza wamesemaje. Alikuwa anamenya chungwa, anatabasamu. Nikamwambia wamesema ni poda tu.

Alhamisi imepita, Dada. Jana nimewapigia, wamenipa Jumatano hii. Mara mbili nimeanza kumwambia Mama. Akadhani mzaha wangu, akacheka, na mimi nikacheka naye.

Njoo Jumanne. Wewe ukimwambia, ataamini. Na umwambie poda aiache. Safari hii karatasi nimeisoma mpaka chini.

Wabusu watoto, shemeji mpe mkono.

Mdogo wako,
Yasini