Watoto wa Wakarima

Kwa Mzee Nderitu,
Kongo, Kawangware,
Nairobi.
13 Agosti, 1978

Mpendwa Dada Jentrix,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. U hali gani huko Mombasa, na lile joto linakuacha ulale? Shemeji hajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya Julai ilinipa mafua, nayo yameisha. Barua zangu mbili hujazijibu. Nimekasirika kidogo, lakini naandika tena kwa sababu sina mwingine wa kumwambia haya.

Kile kiwanda cha vifaa vya hospitali kilinichukua kwa likizo hii yote. Wanatengeneza magongo, vitanda na viti vya magurudumu. Mimi niko ofisi ya wafanyakazi chini ya Bwana Mutiso, najifunza kutunza faili za watu. Kazi ni safi, hata kiti changu kina mto.

Mwanzoni nilikuwa na wenzangu. Kuna mama anaitwa Wakarima, anashona turubai za viti, naye anakaa huku Kongo. Jioni tulirudi kwa miguu pamoja na wanawake wengine, wakinifundisha Kikuyu na kunicheka.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Kampuni inataka kulipia matibabu ya watoto, kwa hivyo kila mfanyakazi anajaza fomu kusema anao wangapi. Wakarima alinitajia majina tu. Nilipotaka idadi akasema, "Andika vile nimekuambia. Watoto hawahesabiwi." Bwana Mutiso alikuwa nyuma yangu ananihimiza nimalize. Basi nikahesabu kwa sauti, kalamu ikigusa jina moja moja, mpaka saba, mbele ya wenzake wote. Dada, hata bibi yetu Kukhu aliyetulea hakutuhesabu, asije akatuletea mkosi. Akituita kula alitutaja majina. Nilijua, na bado nilifanya.

Wiki hiyo hiyo kitinda mimba wake, Njambi, alishikwa na surua akalazwa. Surua haitoki kwenye kalamu, najua. Lakini wale wanawake waliacha kuningojea langoni. Majuma mawili nimerudi peke yangu, nimekula peke yangu, na Jumapili sifungui mdomo ila kanisani. Nilipeleka sukari kwa Wakarima, nikakuta mlango umefungwa, nikamwachia jirani. Niliomba yule mtoto asife, na nilikuwa naomba kwa ajili yangu pia. Naona aibu kuandika hivyo.

Ijumaa Wakarima alirudi kazini. Njambi ametoka hospitali. Alikuja mezani kwangu, akasimama kidogo, akauliza, "Na kwenu mko nani na nani?" Nikataja wewe, kaka zetu Khamala na Wakoli, na marehemu mama. Alingoja mpaka nikamaliza. Tangu nije Nairobi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, nikalia pale pale juu ya faili.

Jioni hakuningojea langoni. Lakini alitembea polepole.

Msalimie sana shemeji, na Khamala akipita huko. Mungu awe nanyi mlalapo na mwamkapo. Nijibu, hata kama ni mistari miwili.

Mdogo wako akupendaye,
Nanyama