Magari Mawili kwa Kaburi Moja

Papa Eliya mpenzi wangu,

Nakuandikia nikiwa nimechukia hadi chai imenishinda. Ungekuwa hapa ungetema mate chini. Mimi nimetema, halafu nikachukua tambara nikafuta, maana hiyo veranda nimeipiga deki mwenyewe leo asubuhi.

Jiwe la kaburi lako limekamilika. Jeusi, linang'aa, na jina lako lote limo, hata lile la babu yako ambalo hapa Afrika Kusini hakuna aliyewahi kulitamka vizuri. Jumamosi watoto wanafika, Jumapili tunakuja kulisimamisha na kuliombea. Wote wawili! Eliya anatoka Amerika, Riziki anatoka Ubelgiji. Nimetangaza kanisani. Nimetangaza hadi mtaa wa Mayfair kwa yule Msomali anayeniuzia vitambaa. Nani mwingine hapa mtaani La Rochelle ana mtoto huko na mtoto kule? Mama Shukuru ana mmoja, yuko Midrand, hapo jirani tu, na ukisikia anavyolisema hilo jina la Midrand utadhani mtu anapanda ndege kufika.

Basi furaha yote hiyo wameitia mchanga. Kwa sababu ya nini? Gari.

Walianza kwenye simu, kwenye lile grupu la familia ulilofungua wewe ili tutumiane maombi. Nani akodi gari gani pale uwanja wa ndege. Eliya kaandika atakodi bakkie, lile la milango minne na karai nyuma, maana madogo hayatoshi magoti yake. Riziki akamjibu kaka yake: “Yaya, tunaenda kwa Papa au tunaenda kubeba ng'ombe?” Eliya naye: “Wewe kodi kibiriti chako, utuache.”

Gari la Eliya hukuliona, alilinunua ulipokwisha kuondoka. Alipiga video anionyeshe, nikadhani amesimama kando ya nyumba. Mtu anakanyaga ngazi kuingia, kama mhubiri anapanda mimbarini. Na nyuma pana nafasi ya unga wa harusi nzima. Nikamuuliza, mwanangu, unabeba nini humo?

“Hakuna kitu, Mama. Huku kila mtu analo. Vigari vya chini watu hawavitaki sana tena, hata viwanda vingine vimeacha kuvitengeneza. Barabara pana, mafuta si ghali kama kwa Riziki.”

Hakuna kitu! Wewe uliyeendesha lori kutoka hapa mpaka Lubumbashi hukurudi hata mara moja bila mzigo, angalau samaki wakavu. Mwanao anatembeza hewa.

La Riziki nalo nimeonyeshwa. Limekatwa nyuma kama mkate. Ni la umeme, analichomeka ukutani kama simu. Anasema njia za kule ni za zamani, nyembamba, mafuta yanaumiza, na miji mingine inayafukuza magari ya moshi. Sawa, nimeelewa. Lakini analisema kwa mdomo wa mtu aliyeokoka jana, kwamba wenye magari makubwa wanaiua dunia, kaka yake mbele. Nikamuuliza, na yule jirani niliyemwona nyuma yako kwenye video, anayepanda gari lile kubwa? Akaguna.

“Eish, Mama. Hata huku wameanza kuyapenda.”

Kumbe! Wanatukanana kama vile kila mmoja aliamka akatafakari akachagua, na wote wawili wamenunua alichonunua jirani.

Na bado hujasikia la kukutapisha. Eliya hawezi tena gea ya mkono. Mtoto wa dereva wa lori! Kule gari linajibadilishia gea lenyewe, na yeye klachi ameisahau. Dada yake akamcheka wiki nzima, wakati hilo lake la umeme halina hata klachi.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichefua ni cha jana. Eliya kaandika: “Basi kila mtu aende makaburini na gari lake.” Na Riziki, badala ya kukataa, akaweka kidole gumba. Yaani sharp, imepita. Papa Eliya, magari mawili kwa kaburi moja! Watu watasema ulikuwa na nyumba mbili, na watoto wanagombea urithi. Urithi gani? Hapa kuna cherehani yangu, na lile gari lako la kijani uani.

Unakumbuka sheria yako ndani ya gari lile? Walikuwa wakigombana kiti cha nyuma, nani kamsukuma nani, nani kafungua dirisha. Taa za barabarani, hizo roboti, zikikusimamisha, unasogea kando, unafungua mlango wao. “Shukeni. Tutaonana roboti inayofuata. Mkono kwa mkono.” Wanatembea wameshikana, wamenuna, wewe unawafuata polepole, watu nyuma wanapiga honi, mimi najifunika kitenge usoni. Kabla hawajafika walikuwa wameshacheka, kwa sababu Eliya alikuwa akiiga mwendo wako.

Na mimi ulinifundisha humo, Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule. “Polepole na klachi, Mama Eliya! Hiyo si cherehani!” Nilikuwa naikanyaga kama napiga pindo. Gari linaruka kama chura, wewe umeshika paa. Hukuwahi kumaliza kunifundisha.

Sasa sikia. Nimemaliza. Nimepata leseni, mimi niliyeishia darasa la sita. Mtahini alisema nimeegesha vizuri. Kwamba hajawahi kuona mama mwingine akirudi nyuma namna ile, hilo hakulisema, nililiona machoni mwake.

Gari lako limetiwa betri mpya. Viti nimevishonea kile kitenge cha bluu ulichokipenda. Leo asubuhi nikaandika kwenye grupu: “Hakuna kukodi. Wote mmezoea kuendesha kulia, hapa ni kushoto, mtatuua. Nakuja kuwachukua mimi.”

Eliya akawa wa kwanza: “Mama, na gari gani?”

Nikaandika: “La Papa yenu.”

Riziki: “Mama, lile linatoa moshi!” Eliya: “Mama, na magoti yangu?”

Mara ya kwanza mwaka huu wamekubaliana jambo.

Hasira bado ninazo, na nitakuwa nazo mpaka niwaone wanatokea na masanduku yao. Hapo najijua, nitapiga vigelegele uwanja mzima wageuke. Lakini watakaa nyuma, wote wawili, Eliya magoti kidevuni. Kiti cha mbele nimeweka maua yako.

Na wakifungua mdomo juu ya gari, maana watafungua, nitawavumilia mpaka roboti ya mwisho kabla ya nyumbani. Pale nitasogea kando. Watashuka, na digrii zao. Mkono kwa mkono. Nitawafuata polepole, na anayetaka kupiga honi apige. Klachi siku hizi ninaiweza.

Pumzika, dereva wangu. Jumapili tega sikio: utasikia injini moja tu.

Mkeo,
Mama Eliya