Félix Aliimba Kwenye Gare

Jumatatu, 8 Machi
Nimemaliza mikono ya koti la Félix. Zambarau, kitambaa cha kung'aa, kama anavyopenda. Jumamosi tunasherehekea miaka yake ishirini ya kuimba, kwenye baa moja ya mtaa wa Manika. Hapa Kolwezi harusi bila sauti yake ilikuwa haijawa harusi. Mimi namwitikia tangu mwanzo.

Anaishi na Anselme, fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani. Watu husema ni ndugu yake. Si ndugu. Kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Félix alizaliwa hapa. Baba yake alitoka Kasai, jimbo jingine. Siku hizi hilo tu ndilo linaloulizwa.

Jumanne, 9 Machi
Mwenye baa amekataa. Vijana wanaofukuza Wakasai wamemtisha. Nani aliwaambia? Tuliojua ni Félix, mwenye baa, mimi na Anselme.

Anselme ni Mkatanga, mwenyeji wa jimbo hili, kama mimi. Mdogo wake yuko kwenye lile kundi.

Jumatano, 10 Machi
Nimewaona. Anselme na mdogo wake, nyuma ya soko. Nilipokaribia wakanyamaza.

Halafu jirani wa Félix, yule anayezicheza nyimbo zake mpaka viatu vinakatika, akanivuta pembeni. "Mama Béa, akienda, ile kitanda yake uniwekee."

Hata hajaenda! Namchukia.

Alhamisi, 11 Machi
Walikuja mchana kweupe. Kesho Félix awe ametoka. Walimtukana kwa ajili ya kabila, kisha kwa ajili ya mwanaume wake. Wakachukua gitaa. Walijua limefichwa juu ya dari. Yeye hawakumgusa. Ajabu. Anselme hakuwepo. Ajabu zaidi.

Nilimwambia Félix nani kamuuza. Akaniambia ninyamaze, nitoke nyumbani kwake. Hajawahi kunifukuza.

Ijumaa, 12 Machi
Félix yuko gare, anangoja treni na Wakasai wengine wote waliofukuzwa, chini ya maturubai. Anselme kaja kuchukua koti. Nikaziba mlango.

"Uliwapa nini wale?"

"Gitaa," akasema. "Na pikipiki yangu. Ili basimupige Félix."

Habari ya baa, anasema hajui. Labda kweli. Labda kaitunga njiani. Koti nimelibeba mwenyewe. Nilitembea nyuma yake mpaka gare, sikumwondolea macho.

Jumamosi, 13 Machi
Gare inanuka mavi na unga ulioungua. Asubuhi wamezika mtoto. Nilidhani hakuna atakayetaka muziki. Wanawake wenyewe ndio walioomba. Félix akavaa koti, akaimba bila gitaa, nikaitikia. Waliolala wakakaa. Waliokaa wakasimama. Aliwaimbia harusi zao zote.

Kisha akamshika Anselme mkono.

"Nyimbo zangu zote za mapendo, niliziimbia huyu."

Nikatazama nani ataokota jiwe. Mama mmoja mzee, kichwa kimefungwa bendeji, akasema:

"Tulijua, baba. Imba."

Jumapili, 14 Machi
Treni imefika. Vijana walisimama kwenye mlango wa behewa. Mdogo wake Anselme akamkamata kaka yake shati.

"Weye uko mutu ya kwetu. Bakia!"

"Mi niko mutu ya huyu," Anselme akasema. Akapanda.

Nilitaka kumwomba Anselme msamaha. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa. Sikuuona uso wake tena.

Jumatano, 24 Machi
Hakuna habari yao. Redio haipigi nyimbo zake.

Leo bombani, mwanamke mmoja alikuwa anaimba wimbo wa Félix, polepole, akingoja ndoo ijae. Aliponiona akanyamaza. Hatujuani. Nikauchukua pale alipouacha.

Akaangalia barabara, huku na huku.

Halafu akaitikia.