Sala Iliyopigiwa Makofi

Pasiansi, Jumapili jioni

Na hata "Amina" yangu waliipigia makofi! Aibu iliyoje.

Jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu leo, na mama, akijivunia mwanawe wa chuo kikuu, akaniomba nifunge kwa sala. Nikasimama kama nilivyosimama siku ya mgomo wetu chuoni. Nikamweleza Mungu kwanza habari ya uchangiaji wa gharama za masomo, pili viwanda vinavyouzwa, tatu wanaonenepa kwa jasho la wakulima wa pamba. Nilipomaliza, jirani yetu Mama Kulwa akauliza, "Baba, umesali au umegombea ubunge?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mimi, bingwa wa majukwaa, nikaketi.

Tangu walipoondoka ninamkumbuka marehemu bibi. Kule Sengerema, kabla ya kushika jembe, alipiga magoti shambani, nami kando yake, umande ukinilowesha. Hakuomba kwa hoja. Alitaja watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, hata jirani aliyegombana naye juu ya mpaka.

"Bibi, na huyo pia?"

"Huyo ndiye anayenichelewesha kulima," alinijibu.

Haki nitaendelea kuidai. Ila ninaogopa kwamba nimejifunza kusema juu ya Mungu hata nikasahau kusema naye.

Sasa hivi nimejaribu, magotini. Nimemtaja mama, Mama Kulwa, wenzangu tuliosimamishwa masomo. Kisha nikamfikia mkuu wa chuo aliyetia saini barua ya kunisimamisha, ulimi ukagoma. Magoti yalikwisha kufa ganzi nilipolitamka jina lake, bila kuongeza neno.