Jiko Lisilopasha Nyumba Joto

Jumanne, 8 Julai
Ukungu mpaka saa nne. Nimepogoa miti ya migrevilea shambani, nimefunga kuni, nimekunywa chai. Binti yangu Rehema amefika kutoka Tanga na majiko ya kuuza. Ameacha kazi ya duka, sasa ni wakala. Yakinunuliwa anabaki nyumbani. Yasiponunuliwa anarudi Tanga. Nataka abaki.
Kila jiko limeandikwa "Okoa Msitu" na kuzungushiwa nailoni tabaka mbili. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 9 Julai
Nimelipima jiko lake moja. Sufuria mbili za maharage, moja kwenye jiko, moja kwenye mafiga. Jiko limetumia nusu ya kuni. Kweli kabisa. Nimemsifu Rehema.
Jioni nyumba ikawa baridi. Jiko halipotezi joto, maana yake hakuna la kuota. Magoti yakamuuma mke wangu, akakoka moto kwenye mafiga. Jumla: kuni nyingi kuliko jana. Halafu, msitu gani? Tunachoma matawi ya mashambani mwetu. Hifadhi ya msitu hatuigusi.
Nimemweleza Rehema yote haya, hatua kwa hatua. Akasema, "Baba, Jumamosi nikiwauzia kina mama majiko, usije mkutanoni."

Jumamosi, 12 Julai
Nilikwenda. Kikundi cha kina mama, uwanja wa shule. Nilikaa nyuma. Jirani yetu Mama Shekue akageuka.
"Shikamoo mwalimu. Eti linaokoa msitu?"
Rehema alitazama chini. Kina mama hawa nimewafundisha hesabu mwenyewe, nitawadanganyaje? Nikaeleza. Kwa urefu mno, nadhani.
"Kwa hiyo mwanangu," Mama Shekue akamwambia Rehema, "unatuuzia jiko lisilopasha joto, Lushoto, mwezi wa saba?"
Uwanja mzima kicheko. Nilidhani Rehema atalia. Naye akacheka.
"Basi msitu tuuache. Hili ni la asubuhi, chai ya watoto kabla ya shule, bila moshi machoni. Jioni oteni moto wa mafiga yenu."
Yakanunuliwa. Machache tu. Njiani alitangulia, akaniacha nyuma. Niliumia.

Jumapili, 13 Julai
Jua kidogo. Rehema ameuliza kama kile kipande cha shamba letu bondeni kina mtu anayelima. Hakina. Ameshuka na mama yake, wanabishana kwa Kishambaa nani abebe jembe. Anataka kupanda karoti. Karoti hukaa ardhini miezi mitatu hivi.
Sikueleza chochote.